Dakika za Togwa

Mwezi wa Tisa, pale Milanzi, mjini Sumbawanga, asubuhi huja ikiwa imejitanda shuka. Moshi wa nyasi zinazochomwa mashambani hulala juu ya mabati, jua hupanda nyuma yake likiwa jekundu na pole, na mtu akitoka nje kumwaga maji ya vyombo anaweza kudhani bado yumo ndotoni. Adela alikuwa akitoka, akimwaga maji, akirudi ndani, na kila akirudi alimkuta mama yake kati ya usingizi na macho, ameuelekea mlango.

“Zita ameshapata mlango?” Rozina aliuliza.

“Bado, mama. Jumapili wanasoma majina.”

“Asikae nje sana. Kuna baridi.”

Adela alimfunika vizuri. Ule mkono wa kulia, ambao tangu kiharusi ulikuwa umelala tu kama mgeni aliyechoka na safari, aliuinua akauweka juu ya blanketi. Wa kushoto ulikuwa mzima tena mkorofi. Ndio uliosukuma kikombe cha uji kila ulipokosa sukari ya kutosha. Daktari alisema mama atatulia. Kutulia alikuwa ametulia, ila alikuwa akiingia na kutoka katika miaka yake mwenyewe kama mtu anayepita chumba hadi chumba, na chumba alichokipenda kuliko vyote siku hizo kilikuwa kile cha Zita.

Zita alikuwa dada yake Adela, kifungua mimba. Alizaliwa alfajiri moja ya baridi, akalia, akamtazama mama yake, akaenda. Uji uliokuwa jikoni ulikuwa bado haujachemka. Bibi alimwahi kwa maji ya kikombe, akambatiza jina hilo, na jina likaishia hapohapo, maana baba aliyepaswa kulipeleka parokiani alikuwa anachimba kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa kichuguu kidogo tu kandokando ya shamba la ulezi. Zikaja mvua, yakaja majembe, wakaja ng'ombe wa kulimia, na baada ya miaka hakuna aliyeweza kusimama mahali akasema ni hapa. Rozina alizaa wengine, akasomesha, akazika mume, akazeeka. Hakulalamika. Lakini ukimwuliza ana watoto wangapi, siku zote alimhesabu na huyo.

Sasa kijijini kwao, mbele kidogo ya Matai kwa barabara ya Kasanga, walikuwa wanajenga kanisa jipya la kigango. Watu wa huko wanajua kulima na wanajua kujenga, lakini wanachokijua zaidi ni kusema kwamba walijenga. Kanisa likishaezekwa, hata aliyepita tu na baiskeli yake atakuapia kuwa jasho lake limo ukutani. Mzee Evaristi, mwenyekiti wa kigango, alikuwa amechoshwa na wajenzi wa mdomo, kwa hiyo safari hii akaweka sharti. Atakayefanya kazi ya tofali kwa saa sitini, tena za kweli, ataruhusiwa kufyatua tofali moja la mwisho na kuliandika jina likiwa bado bichi. Tofali hizo ndizo zitakazopangwa kwenye mlango, na kila atakayeingia kusali atapita katikati ya majina hayo.

“Jina lolote,” alisema mzee. “La kwako, la marehemu wako, la mjukuu.”

Rozina aliposikia neno “lolote”, aliomba kalibu ya kufyatulia siku hiyohiyo.

Saa za watu zilishikwa na Mathias, jirani yao mfuga ng'ombe wa maziwa, ambaye alifanya kazi kwenye shimo la tofali na simu yake mfukoni. Mtu akiingia anaandika, mtu akitoka anaandika, na jioni anamtumia Adela huko Sumbawanga. Adela alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na ndiye aliyeziingiza saa hizo kwenye jedwali la kompyuta: safu ya kila siku, kisha jumla ya kila mtu, na pembeni kabisa neno ambalo kompyuta inaliandika yenyewe, AMEFIKISHA au HAJAFIKISHA. Aliipenda kazi hiyo. Ilimfanya ajione kama na yeye anakanyaga udongo na wenzake, japo alikuwa ameketi kwenye kiti chenye magurudumu.

Karatasi ya kwanza aliyompelekea Mzee Evaristi ilikuwa imejaa nukta. Tatu nukta saba tano, tatu nukta nne, tatu nukta sita nane. Mzee aliisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu, akamrudishia.

“Binti yangu, hizi nukta za nini? Watu watadhani nawapimia dawa. Nipe saa nzimanzima, zinazosomeka.”

Adela alibofya mara chache, nukta zikaondoka zote, jedwali likawa safi kama uwanja uliofagiliwa. Hivyo ndivyo alivyoamini, kwamba zimeondoka. Hakufikiria tena jambo hilo.

Shimo la tofali nalo lilikuwa na desturi yake. Kule kazi haifungwi kwa kengele, inafungwa kwa togwa. Watu hukanyaga udongo na kufyatua mpaka togwa ifike, na ikifika hakuna anayeongeza hata tofali moja. Na togwa ya ulezi ya Rozina ilikuwa na sifa kijiji kizima; zamu ya mwanamke mwingine ikifika, wanaume walianza kukohoa na kuulizia afya ya Rozina. Mwishowe zamu zote zikawa zake. Kwa hiyo kila siku, wenzake wakiwa bado wameinama, Rozina alinawa udongo, akamwambia Mathias, “Andika nimetoka,” akavuka kijito hadi kwake, akarudi na ndoo kichwani.

Mathias alimsihi zaidi ya mara moja. “Mama, ngoja nikuandikie saa sawa na wenzako. Nani atajua?”

“Mungu si karani wako,” Rozina alimjibu. “Andika nilivyotoka.”

Naye Mathias aliandika alivyotoka. Siku zikaenda hivyo, na jioni ya siku ambayo Adela alimpigia simu kumwambia, “Mama, umefika sitini,” Rozina alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Asubuhi iliyofuata hakuweza kuinuka kitandani. Ndipo alipoletwa Milanzi, akaanza kuutazama mlango.

Jumapili ikafika. Adela alimwacha mama kwa jirani, akapanda gari la Matai akiwa na karatasi kwenye mkoba. Hakuwa na wasiwasi wowote. Jumla ya mama alikuwa ameiona kwa macho yake kwenye simu, sitini kavu. Safu ile ya pembeni kabisa hakuiona, maana kioo cha simu ni kidogo na mtu hasogezi kidole kutafuta habari ambayo anadhani anayo.

Baada ya ibada Mzee Evaristi alisimama mbele, akavaa miwani, akaanza. Alisoma kama anayesoma matangazo ya ndoa, haraka na kwa sauti moja, jina, saa, neno.

“Mathias, saa sitini na moja, amefikisha. Rozina, saa sitini, hajafikisha. Oswaldi, saa sitini na tano…”

“Rudi hapo!” walisema akina mama wa nyuma, karibu kwa pamoja.

Mzee akarudi. “Rozina. Saa sitini. Hajafikisha.”

“Sharti ni saa ngapi?”

“Sitini.”

“Haya, sasa?”

Mzee Evaristi aliitazama karatasi kwa hasira ya mtu aliyegeukwa na mbwa wake mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari wa siku za Rozina akaanza kusogea nacho. Nne, nne, nne. Akina mama wakamfuata kwa sauti, nne inaingia, nane, kumi na mbili, kama vile wanaitikia litania. Walipofika mwisho walikuwa na sitini na nne. Karatasi ilikuwa moja na mama ni yuleyule, ila hesabu yake ilikuwa sitini na nne kwa kidole, sitini kwa jumla iliyochapwa, na kwa lile neno la pembeni haikuwa imefika.

“Kompyuta imeona mgonjwa, ikamla,” alisema mtu.

Watu wakageuka kumtazama Adela. Hawakumtazama vibaya, na hilo ndilo lililomwumiza. Walimtazama kama mtoto wa kwao anayetarajiwa kueleza. Alisikia uso unamwaka. Alikwenda mbele, akaichukua karatasi, na ilipofika tu mikononi mwake akaelewa alichofanya.

Alimvuta Mzee Evaristi nje, pembeni ya matofali yaliyofunikwa nyasi.

“Baba, zile nukta hazikutoka. Nilizificha tu. Hapa panaonekana nne, lakini chini yake pana tatu na dakika arobaini na kitu. Kompyuta inajumlisha zile za chini, si hizi tunazoziona. Jumla ya mama kwa kweli ni hamsini na tisa nukta saba. Kwa macho inakuwa sitini. Kwa sharti haijafika.”

“Kwa hiyo nimesimama mbele ya watu nikasoma uongo?”

“Si uongo. Karatasi inasema kwa ufupi.”

Mzee alifikiri. “Imepungua kiasi gani?”

“Kama dakika kumi na nane.”

“Dakika kumi na nane!” Mzee Evaristi alivua miwani. “Mimi hizo nazimaliza kila siku nikitafuta hii miwani, nayo iko usoni. Binti yangu, karekebishe. Kinachoonekana kiwe ndicho kilichomo. Jumamosi tunafyatua tofali za mlango, halafu shimo linafungwa. Mvua haitanisubiri.”

Kesho yake Adela aliomba ruhusa kazini. Mchana ulikuwa umetulia, upepo wa Ufipa umechoka, pazia limesimama wima. Mama alikuwa amelala. Adela aliweka kompyuta mezani akafanya alivyoagizwa. Aliiamuru kila siku ya kila mtu iwe saa kamili kwelikweli. Inayozidi nusu ipande, isiyofika nusu ishuke. Nukta hazikufichwa tena, zilikatwa. Jumla ya mama ikaruka kutoka sitini hadi sitini na nne, na neno la pembeni likageuka mbele ya macho yake: AMEFIKISHA. Akapiga makofi kimyakimya.

Kisha macho yakapanda hadi kwa Mathias. Mathias, ambaye jana alikuwa na sitini na moja, sasa alikuwa na hamsini na nne, na pembeni yake pameandikwa HAJAFIKISHA.

Adela alikaa akiliangalia neno hilo. Mathias alikamua ng'ombe kwanza ndipo aje shimoni, kwa hiyo kila siku alifika amechelewa, akawaandika waliomtangulia kwa saa walizomtajia, na yeye kufanya saa tatu na dakika ishirini na kitu. Zile dakika ishirini na kitu hazikufika nusu. Kila siku zilikatwa, zikatupwa, na zilizotupwa kwa pamoja zilikuwa zaidi ya jumla ya siku mbili. Tofali la Mathias lilikuwa la baba yake, mzee Benjamini, aliyemfundisha kukamua. Hakuna aliyemdai Mathias chochote. Kosa lake lilikuwa kuwa na ng'ombe.

Alirudisha jedwali lilivyokuwa. Mathias akapona, mama akaanguka.

Ikabaki njia moja. Siku za watu ziachwe na nukta zake, ila jumla ya mwisho tu ndiyo ipandishwe au ishushwe. Akajaribu. Mathias sitini na moja, salama. Oswaldi salama. Mama, hamsini na tisa nukta saba, akapanda sitini, AMEFIKISHA. Adela alipitia majina yote taratibu, akitafuta mtu aliyeumia. Hakumwona. Katika kijiji kizima, mtu pekee aliyeguswa na hatua hiyo alikuwa mama yake mwenyewe. Ilikuwa tamu, na bado akayapitia majina mara ya pili. Alisinzia kwenye kiti, mkono shavuni.

Akaota uwanja wa nyumbani. Mama, mwenye mikono yote miwili mizima, anachekecha ulezi uliosagwa. Chekeche linakwenda huku na huku, linasema sh, sh, na juu yake zimebaki chenga kubwakubwa ambazo kila mtu anaweza kuzihesabu. Chini, kwenye mkeka, unga unashuka, mwembamba kiasi kwamba haukuonekana ukianguka. Ulionekana tu ukiwa umeshakuwepo. Na juu ya unga huo palikuwa na nyayo. Nyayo za mtoto ambaye hajawahi kutembea, zinatoka ukingoni mwa mkeka, zinakwenda, zinaishia katikati. Adela alitaka kumwambia mama aache kuchekecha, zitafunikwa. Mama akasema bila kugeuka, “Acha. Zimo.”

Alipofumbua macho, Rozina alikuwa ameamka na anamtazama. Macho yake siku hiyo yalikuwa makavu na ya leo.

“Wamesemaje jana?” aliuliza.

“Umefikisha, mama.”

“Usoni huoneshi kama nimefikisha.”

Kumdanganya mama aliyekuzaa ni kazi, hata akiwa amelala upande mmoja. Adela akamweleza yote. Akamweleza nne zisizokuwa nne, na sitini isiyokuwa sitini, na Mathias aliyepanda na kushuka. Hakujua ni kiasi gani kinaingia. Rozina alisikiliza huku kidole cha mkono wa kushoto kikichora juu ya blanketi.

“Zimepungua dakika ngapi?”

“Kumi na nane.”

Rozina akacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kizima. “Hizo nazijua zilipo. Ni za togwa. Sikuzipoteza, wamezinywa.”

“Ndiyo maana nimekusogeza kidogo, mama. Ni haki yako. Hakuna aliyeumia.”

“Wengine umewasogeza?”

“Wengine hawakuhitaji.”

“Basi umenibeba.”

Adela aliifunga kompyuta.

“Sikiliza, mwanangu,” Rozina alisema, na alisema polepole kwa sababu mdomo ulikuwa mzito. “Kila kitu cha Zita kilifanywa na watu. Bibi yako alimbatiza. Baba yako alimchimbia. Mimi nilikuwa nimelala, kama hivi nilivyolala. Nikasikia jembe linapiga chini, nikawa siwezi kunyanyuka. Tofali hilo ni langu. Usinifanyie.”

Pazia lilitikisika kidogo. Adela alikuwa amekua akidhani anaijua habari ya Zita yote, na hili la jembe alikuwa hajawahi kulisikia. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

“Sasa tufanyeje, mama?”

“Nipelekeni nikamalizie.”

Daktari alipoombwa ruhusa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kama ni mkono mmoja tu na amekaa, na kama kuna kivuli. Adela akaichukua hiyo kuwa ni ndiyo. Kabla ya Jumamosi aliliondoa lile agizo la kupandisha jumla, na neno la mama likarudi kuwa HAJAFIKISHA, akaliacha hivyo.

Jumamosi walikodi gari dogo. Njia nzima Rozina alilala, akiamka anaita vijiji kwa majina, vingine vikiwa tayari vimepitwa. Tambarare ya Ufipa ilikuwa ya rangi ya ngozi ya simba, na vilima kwa mbali vilielea juu ya moshi bila miguu. Adela alimshika mama mkono na kwa muda mrefu hakujua kama gari linakwenda au ni nchi inayopita.

Shimoni walikuwa wameandaa. Mathias alileta kiti cha mgongo kutoka kwake, akakiweka kwenye kivuli cha turubai, akasogeza meza fupi yenye rundo la udongo uliokandwa nusu. Watu walimsalimia Rozina kwa zamu, shikamoo mama, shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba zote bila kuruka hata moja. Akatazama udongo.

“Mathias. Andika nimeingia.”

Mathias akatoa simu akaandika.

Ule mkono wa kushoto ukaingia udongoni. Mwanzo ulikuwa kama unapapasa gizani, ukatafuta, ukakumbuka. Ukaanza kukanda. Ukatoa mzizi, ukautupa. Ukapata kijiwe, ukakitupa. Mkono wa kulia Adela aliuweka ukingoni mwa meza ili na wenyewe uwepo. Watu waliokuwa wanasimama kutazama waliona aibu ya kutazama, wakarudi kwenye kazi zao, na shimo likajaa ile sauti yake ya siku zote ya miguu inayokanyaga na kalibu zinazogongwa.

Baada ya muda Mzee Evaristi alikuja akiwa ameshika kofia. “Mama, inatosha. Sisi ni watu, si kompyuta.”

“Mwenyekiti,” alisema Rozina bila kuinua kichwa, “nenda kafanye kazi.”

Akaenda.

Togwa ilipofika, ililetwa na wanawake watatu kwa pamoja, maana hakuna mmoja aliyethubutu kuleta yake peke yake mbele ya Rozina. Kwa desturi, hapo kila mtu aache. Waliacha. Lakini vikombe vilijazwa vikabaki mikononi, hakuna aliyekunywa. Walisimama na miguu yao yenye udongo, na mtu mmoja tu shimoni ndiye aliyeendelea kufanya kazi. Upepo uliinuka, ukapiga turubai, ukaacha. Jasho lilimtiririka Rozina kwenye shavu lililo hai na kwenye lile lisilosikia.

Mathias aliangalia simu, akaangalia tena. “Mama. Zimetimia. Zimepita.”

Rozina akaukanda udongo mara ya mwisho, akautuliza kwa kiganja. “Andika nimetoka,” alisema. Kisha: “Nipeni kalibu.”

Tofali lake alilifyatua hivi: Adela alishikilia kalibu, yeye akashindilia, akasawazisha juu kwa upande wa mkono, wakanyanyua pamoja. Likasimama jeusi na lenye kung'aa. Mathias akampa bua la ulezi. Rozina alikuwa amesoma darasa mbili tu, na kwa mkono wa kushoto hajawahi kuandika kitu. Adela alinyosha mkono kumsaidia, akakumbuka, akaurudisha. Herufi zilitoka kubwa na zimelewa. Z ilianguka kidogo, A ikapungukiwa nafasi ikapanda ukingoni. Alipomaliza alilitazama tofali kwa muda, kisha akalipuliza, kama mtu anavyopuliza uji wa mtoto.

Ndipo watu wakanywa.

Adela alikaa kwenye kizingiti cha gari, akafungua kompyuta magotini. Mathias akamsomea saa ya kuingia na saa ya kutoka. Dakika ishirini. Akaandika kwenye mstari wa mama, siku ya Jumamosi, akabonyeza. Kwenye kisanduku ikatokea sifuri.

Mzee Evaristi alikuwa amesimama nyuma yake, na kikombe.

“Sifuri?” alisema. “Mama amekanda udongo mbele ya kijiji kizima, unamwandikia sifuri?”

“Haijafika nusu saa, baba. Ndiyo maana kwa macho inaonekana hivyo. Lakini imo. Angalia huku.”

Jumla ilikuwa sitini, kama ilivyokuwa jana na juzi, haikutikisika. Pembeni yake, neno lilikuwa limegeuka. AMEFIKISHA. Mzee alilisoma kwa midomo, akarudi kwenye ile sifuri, akaitazama muda mrefu. Adela naye aliitazama. Alikuwa anafikiria uji ambao haukuwahi kuchemka, na mtoto aliyelia, akatazama, akaenda. Mtoto ambaye yeyote aliyepita haraka angemwandikia sifuri, na ambaye mama yake alikuwa amemjumlisha kila siku ya maisha yake. Alilia hapo kizingitini bila kuficha, na Mzee Evaristi, ambaye hakuambiwa sababu, alimwekea mkono begani.

“Binti yangu,” alisema mzee hatimaye. “Zile nukta. Zirudishe.”

“Zote?”

“Zote. Za kila mtu. Nitajifunza kuzisoma.”

Akabofya mara chache. Nukta zikachomoza jedwali zima, juu hadi chini, na ile sifuri ikawa na kitu mbele yake.

Walirudi Milanzi jioni, Rozina amelala, kucha zake zina udongo ambao alikataa uoshwe. Adela alimlaza, akamfunika, akangoja aulize kama Zita ameshapata mlango. Hakuuliza.

Asubuhi ilikuja na shuka lake la moshi. Adela alitoka kumwaga maji, akasimama nje kidogo akilitazama jua jekundu, akarudi ndani. Mama alikuwa bado amelala. Alikuwa amejigeuza mwenyewe kwa ule mkono mmoja, amelala ameelekea ukutani, mgongo wake umeuelekea mlango.